Kioo Kimeokolewa, Nyumba I Wapi?

Msomaji kijana, liko neno moja ambalo utalisikia mara nyingi maishani, nami nataka ulijue mapema kabla halijakutia usingizi. Neno hilo husemwa na watu waungwana, wavaao suti na kubeba ramani, nao hulisema kwa sauti ya upole: "Jengo hili litabomolewa, lakini msihuzunike; vitu vyake vya thamani vitatunzwa." Wasikilizaji hushusha pumzi. Mwandishi wa gazeti huandika kwamba pande zote mbili zimeridhika. Kesho yake nyundo huanza kazi.

Mimi siridhiki, na katika kurasa hizi nitakuambia sababu yake. Itanilazimu kukupeleka mbali, hata London, kwa maana jambo lililotukia huko linajulikana vizuri, na hapana awezaye kudai kwamba waliolitenda walikuwa maskini au wajinga.

Katika njia iitwayo St Mary Axe, ndani ya mtaa wa biashara wa London, palikuwa na jengo la Baltic Exchange. Lilifunguliwa mwaka 1903. Usidhani kwamba lilikuwa kanisa kwa kuwa nitakutajia vioo vyake vya rangi. Lilikuwa soko, tena soko lisilokuwa na bidhaa hata moja mezani. Waliokutana humo walikuwa mawakala wa meli na wenye shehena: huyu ana meli tupu bandarini, yule ana nafaka isiyokuwa na chombo, wakikutana chini ya dari ile hupatana bei ya uchukuzi. Desturi yao ilianza mwaka 1744 katika nyumba moja ya kahawa, ambako manahodha na wafanyabiashara walizoea kukaa na kuulizana habari za bahari. Mapatano yalifanywa kwa mdomo, na wito wa chama chao ulikuwa kwamba neno lao ndilo dhamana yao.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wanachama 60 wa soko hilo walikuwa wamekwisha kufa vitani. Wenzao waliobaki wakataka wakumbukwe. Majina yao yakachongwa katika marumaru, na fundi mchoraji wa vioo, John Dudley Forsyth, akatengeneza nusu ya kuba pamoja na madirisha matano, vyote vikafunuliwa mwaka 1922. Katika ile nusu ya kuba, Ushindi, mwenye umbo la kiumbe wa mabawa, anashuka chomboni na kulakiwa na askari waliovaa Kirumi. Madirisha matano yalipewa sifa tano za mtu mwema: Kweli, Tumaini, Haki, Ustahimilivu na Imani.

Huenda hujapata kuona kazi ya namna hii kwa karibu, basi niruhusu nieleze. Kioo cha rangi hakipakwi rangi kama ukuta upakwavyo chokaa. Rangi huingia katika kioo chenyewe kingali kimeyeyuka motoni: kobalti hukipa ubuluu, shaba hukipa kijani, na dhahabu, naam, dhahabu yenyewe, hukipa wekundu wa damu. Fundi huchora picha nzima juu ya karatasi kubwa, kisha hukata vioo kwa kuifuata, vipande vingine vikiwa vidogo mithili ya ukucha. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa mchanganyiko wa unga wa kioo na oksidi ya chuma, na vipande hurudishwa tanuruni hata mchoro ushikamane na kioo usifutike tena. Mwisho huunganishwa kwa vijiti vya risasi, ile metali laini, vyenye mfereji kila upande, na maungio hutiwa lehemu. Kazi ikiisha, kilicholala mezani ni kitu kizito chenye giza, wala hakipendezi. Huwa picha siku kinapotiwa ukutani na mwanga ukapita nyuma yake. Kwa ajili hiyo fundi wa vioo hawezi kuanza kazi kabla hajaujua ukuta: jua huingilia wapi, dirisha lina kimo gani, mtazamaji atasimama wapi. Mchoraji wa turubai aweza kumuuzia mtu yeyote picha yake, ikaning'inizwa popote. Fundi wa vioo amefunga ndoa na nyumba.

Tarehe 10 Aprili 1992, usiku, bomu kubwa la jeshi la siri la Ireland, IRA, lililofichwa ndani ya gari, lililipuka nje ya jengo hilo. Watu watatu walikufa. Hilo ndilo la kwanza la kutajwa, na mwenye kulilia kioo kabla ya kuwalilia watu hana haki ya kusikilizwa. Jengo likaharibika vibaya. Ile nusu ya kuba ilikuwa na vioo 240 vilivyoungwa pamoja. Vilivyosalia vizima kabisa vilikuwa 45. Mafundi wakaokota vigae, wakavipanga, wakaunga kilichowezekana kuungwa na kutengeneza upya kilichopotea. Ilikuwa kazi ya subira kubwa, nami sina neno lolote baya la kuwaambia mafundi hao. Tangu mwaka 2005 vioo vyao vimewekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Bahari huko Greenwich.

Hapo ndipo watu wengi huimaliza hadithi. Bomu lilivunja, mafundi wakaunga, makumbusho yakapokea, makofi! Lakini wewe uliyesoma kwa makini utaniuliza: na nyumba je? Kwa nini vioo vilivyokwisha kupona visirudi ukutani pao?

Havikurudi kwa sababu ukuta haukuwapo tena. Haukuangushwa na bomu, msomaji. Uliondolewa kwa uamuzi. Mwanzoni wakuu wa hifadhi ya majengo ya kale walishikilia kwamba yeyote atakayejenga mahali pale sharti aurudishe uso wa jengo la zamani upande wa barabara. Soko lenyewe halikuwa na fedha za kutosha kwa kazi hiyo, likauza kiwanja mwaka 1995. Kisha wakuu wale wakaona kwamba madhara yalikuwa makubwa kuliko walivyodhani, wakalegeza sharti lao, ijapokuwa wapenzi wa majengo ya kale walipiga kelele. Mwaka 1998 mabaki yakafunguliwa jiwe kwa jiwe na kuwekwa ghalani. Mwaka 2000 ruhusa ikatolewa ya kujenga mnara mpya, nao ukafunguliwa mwaka 2004, wenye kimo cha mita 180. Ni ule mnara wa kioo wenye umbo la tango ambao huenda umeuona katika picha za London. Ulitunukiwa Tuzo ya Stirling, iliyo kubwa miongoni mwa tuzo za usanifu wa majengo nchini Uingereza. Sitakudanganya kwamba ni mbaya. Ni jengo zuri, na uzuri wake hauna uhusiano wowote na swali letu.

Na yale mawe ya ghalani? Yaliuzwa, yakatangazwa, yakauzwa tena, na baada ya mwaka 2006 yakasafirishwa mpaka Tallinn, nchini Estonia, yaliponunuliwa na watu waliokusudia kuyajenga upya huko. Basi fikiri mwenyewe jinsi mirathi ilivyogawanywa: kiwanja kwa huyu, mawe nchi nyingine, vioo na kumbukumbu ya wafu makumbusho. Hapana aliyevunja sheria. Kila hatua ilikuwa na mhuri wake. Soko lililojisifu kwa neno lisilohitaji karatasi lilipotelewa na nyumba yake kwa karatasi zilizokamilika. Hata soko lenyewe, ambalo lingali likifanya kazi, lilinunuliwa na Soko la Hisa la Singapore mwaka 2016.

Wapo watakaonijibu kwamba nadai lisilowezekana. Jengo lililopigwa bomu limekwisha, na mwenye akili hujenga jipya. Nawajibu kwa kuwataja Waingereza wenyewe. Ukumbi wa Baraza la Makabwela uliteketezwa kwa mabomu mwaka 1941, ukajengwa tena, na mwaka 1950 ukafunguliwa. Nchi ilikuwa imetoka vitani, imechoka, na chakula kilikuwa cha mgawo; lakini fedha zilipatikana. Mji wa kale wa Warsaw ulisagwa na Wajerumani mwaka 1944, na wenyeji wakauinua tena jumba kwa jumba. Huko Dresden kanisa la Frauenkirche lilikaa kama kifusi kwa karibu miaka hamsini, likajengwa kati ya mwaka 1994 na 2005, na mawe mengi ya zamani yakarudishwa mahali pake. Basi "haiwezekani" si jibu. Jibu la kweli ni kwamba kiwanja kile kilikuwa na bei, na mnara ulikuwa na faida kuliko ukumbi. Jibu hilo laweza kutetewa, mimi nisingelipenda lakini ningeliheshimu, kama lingalisemwa waziwazi. Linaloniudhi ni kulivika joho la huruma na kuliita "kuokoa". Mtu akikuvunjia mtungi kisha akakuletea mpini wa kata, utamshukuru kwa kukuokolea chombo?

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Ukumbusho ule haukutengenezwa ili utembelewe. Ulitengenezwa ili upitwe. Wakala wa meli aliyeingia asubuhi akiwaza bei ya makaa, na kutoka jioni akiwaza bei ya ngano, hakukusudia kuwakumbuka wafu. Ila alilazimika kupita chini yao, na pengine siku moja katika mia aliinua macho. Kumbukumbu iliwekwa katikati ya tamaa ya fedha, mahali hasa ambapo watu husahau upesi. Leo, anayekwenda Greenwich amekwisha kuamua nyumbani kwake kwamba atakwenda kutazama mambo ya kale. Amevaa viatu vya matembezi. Yeye hakuhitaji kukumbushwa. Aliyehitaji ni yule mfanyabiashara wa St Mary Axe, naye sasa hupanda lifti asione kitu.

Najua pia kwamba wako wenzako darasani watakaoguna: "Hayo yatuhusu nini? Wafanyabiashara wa dola iliyotutawala walijiwekea vioo, vikapasuka, na vipasuke." Mguno huo nauheshimu kuliko hoja ya wenye suti, kwa kuwa una uchungu ndani yake. Katika vita vile vile vilivyowaua wanachama 60 wa London, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wakibeba risasi na unga kuvuka nyika. Jeshi lao la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wazee wetu wakatamka Kariakoo, na jina hilo lingali Dar es Salaam, na Nairobi tunasema Kariokor. Zimewekwa sanamu, ndiyo, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Majina ya watu hayakuchongwa. Wakala wa meli aliandikwa katika marumaru. Mpagazi alipewa jina la soko.

Lakini tazama hoja hiyo inakuelekeza wapi. Ikiwa unaona uchungu kwa kuwa wetu hawakuandikwa, basi umekubali kwamba kuandikwa ni jambo kubwa. Na ikiwa siku moja utakwenda London na kutaka kuuliza kwa nini hawa 60 walipewa dhahabu ndani ya kioo na wale wetu hawakupewa hata orodha, swali hilo lilikuwa na mahali pake pa kuulizwa: ndani ya ukumbi ule ule ambamo meli zilikodishwa na dunia kupangiwa bei. Jengo hilo lingalikuwa shahidi wako. Wewe unayelifurahia bomoabomoa lake unamfukuza shahidi wa kesi yako mwenyewe.

Sisi hapa nyumbani tumekwisha kulielewa jambo hilo angalau mara moja. Iko Nairobi nyumba iitwayo Kipande House, iliyojengwa mwaka 1913. Jina lake lilitoka katika kile kipande ambacho Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, asipoonekana nacho afungwe. Kama iko nyumba iliyostahili kubomolewa kwa hasira, ni hiyo. Haikubomolewa. Ikawa tawi la benki, na jina lake likaachwa ukutani. Mtu aendaye kuweka akiba yake huingia mlangoni penye jina hilo, naye hupitwa na historia au huinua macho, kama yule wakala wa meli. Je, ingalikuwa sawasawa kama nyumba ingalivunjwa, na kikasha kimoja cha chuma kikawekwa kabatini katika makumbusho? Kikasha kinatuonyesha kilichovaliwa. Nyumba inatuonyesha kwamba palikuwa na meza, na kalamu, na foleni, na karani aliyekuja kazini kila asubuhi.

Huenda ukasema kwamba namhukumu kwa ukali kila mwenye kuhifadhi kipande. Sivyo. Yuko mtu mmoja ambaye habari yake hunizuia nisiwadharau waokoaji. Huko Chicago, nchini Marekani, palikuwa na jengo la Soko la Hisa lililomalizika mwaka 1894, kazi ya wasanifu Dankmar Adler na Louis Sullivan. Chumba chake kikubwa cha biashara kilikuwa na kuta zilizochapwa nakshi za rangi nyingi, na darini vioo vya rangi vilivyoshusha mwanga. Madalali walihama mwaka 1908, na miaka iliyofuata chumba kikafunikwa na kusahauliwa. Jengo lilipotakiwa kuvunjwa, watu waliandamana, lakini baraza la mji likakataa kulipa ulinzi wa sheria. Mpiga picha mmoja, Richard Nickel, alikuwa ametumia miaka mingi akipiga picha majengo ya Sullivan yaliyokuwa yakianguka moja baada ya jingine, na kubeba nakshi zake kwa mikono yake. Tarehe 13 Aprili 1972 aliingia katika Soko la Hisa lililokuwa limekwisha kubomolewa nusu, asitoke. Mwili wake ulipatikana mwezi uliofuata chini ya kifusi. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Chumba kile kilijengwa upya ndani ya jumba la sanaa la mji, Art Institute, kikafunguliwa mwaka 1977. Na tao la mlango mkuu limesimamishwa nje yake, lango lisiloingiza mtu popote. Chicago ilifanya vizuri kuliko London, kwa maana chumba kilirudishwa pamoja na kuta na dari na vioo vyake. Lakini Nickel hakuwa akipigania chumba ndani ya jumba la sanaa. Kwanza alipigania jengo. Alianza kubeba vipande aliposhindwa, kama mtu anayechukua nguo za marehemu. Wenye ramani wa leo wameigeuza huzuni yake kuwa utaratibu wa kazi: wanaanza pale alipoishia yeye, wanaorodhesha vipande kabla mtu hajapinga, na orodha hiyo ndiyo wanayoitumia kumnyamazisha atakayepinga.

Nawe usifikiri kwamba utaratibu huo u mbali nawe. Katika miji yetu ya pwani mlango wa nakshi ukishatolewa katika nyumba yake huwa bidhaa. Hupambwa katika hoteli, au huwekewa kioo juu ukawa meza ya chakula, na wageni huusifu wakila. Nyumba iliyoutoa hubaki na mlango wa mabati, na baada ya muda hapana amlaumuye mwenye kuivunja, kwa kuwa "haina tena kitu cha thamani". Umeona? Kipande kilichookolewa kwanza ndicho kilichoihukumu nyumba. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 yaruhusu jengo zima kutangazwa katika Gazeti la Serikali na kulindwa, si mlango wake tu. Lakini sheria haitembei yenyewe barabarani kutafuta nyumba.

Kwamba nyumba na vioo vyake vyaweza kukaa pamoja, Unguja imetuonyesha. Tajiri Tharia Topan aliweka msingi wa zahanati yake mbele ya bandari mwaka 1887. Alikufa mwaka 1891, na kazi ikamalizika mwaka 1894. Baraza zake za mbao zimetiwa nakshi kama kitambaa, na vioo vya rangi vimo humo humo. Jengo hilo lilifika mahali pa kuoza. Lingaliweza kufunguliwa, vioo vikapelekwa ng'ambo, na kiwanja kikapata bei nzuri, maana hapana kiwanja kizuri kuliko kinachotazama bahari. Badala yake, katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lililitengeneza lote, na mafundi wa mahali pale wakajifunza tena kazi ambazo babu zao walizijua.

Siku ramani itakapoletwa mtaani kwenu, nawe utakuwa mtu mzima mwenye kura na sauti, usibishane na mwenye ramani juu ya uzuri wa mnara wake. Muulize vile vitu vya thamani vitakaa chumba gani, kwa fedha za nani, jua litaviingilia upande upi, na nani atapita chini yake akienda kazini. Kama hana jibu, mwambie aiache nyumba isimame mpaka atakapolipata.